Simu Nayo Ipige Hodi



Mwezi uliopita nilikwenda kumpelekea biharusi mmoja nguo yake ya nikaha, siku ile ile aliyokuwa akitiwa hina. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, miguu kainyoosha juu ya mto, mikono yote miwili imejaa hina na piko mpaka kwenye viwiko. Kaambiwa asiguse kitu mpaka ikauke. Pembeni yake kakaa mdogo wake wa kike, labda miaka kumi, na kazi yake ilikuwa moja tu: kumshikia simu. "Pandisha. Ngoja hapo. Fungua hiyo. Rudi nyuma." Shangazi zake wanamwimbia, bibi yake kavuka bahari kutoka Pemba kuja kumuona, na yeye macho yako kwenye kioo cha simu iliyoshikwa na mtoto.

Nilitaka kucheka. Kisha nikayakumbuka ya kwangu, nikanyamaza. Ya kwangu nitayaeleza huko mbele, maana si vizuri kumnyooshea mtu kidole na wewe una lako umelificha.

Njiani kurudi nilikuwa na swali moja. Hivi sisi watu wa visiwa hivi simu ndicho kitu cha kwanza kipya kuletewa? Si kweli. Tumeletewa kalamu, saa, santuri, redio, televisheni na taa ya umeme. Kila kimoja kilipokuja wapo waliokiogopa na wapo waliokikumbatia mpaka wakajisahau. Waliotutangulia walikaa nacho vipi?

Mimi si mwanahistoria. Nimesoma skuli mpaka sekondari, kisha nikaenda kujifunza ushoni, na leo ninakula kwa sindano. Lakini fundi mzuri kabla hajakata kitambaa kipya huipindua nguo ya zamani akaitazama kwa ndani imeshonwaje. Ndivyo nilivyofanya. Nimesoma, nimeuliza wazee, na haya ndiyo niliyoyaona.

Binti aliyejifunza kuandika kwa siri

Tuanze na kalamu. Sayyida Salme binti Said alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, mtoto wa Sayyid Said bin Sultan. Magofu ya jumba lile mpaka leo yapo pale pwani, ukitoka mjini kuelekea Bububu. Wakati ule mabinti wa jumba walisomeshwa Qur'ani, lakini kuandika hawakufundishwa. Kalamu ilihesabiwa kuwa ni jambo la wanaume. Salme akaitaka. Akauchukua msahafu, akaanza kuziiga herufi zake moja moja juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao siku hizo ndio uliokuwa ubao wa kuandikia. Akajifunza kwa siri mpaka akaweza.

Baba yao alifariki mwaka 1856, na kiti kikashikwa na Sayyid Majid. Mwaka 1859 ndugu yao Barghash alipanga njama ya kumuondoa. Dada yao Khole alikuwa upande wa Barghash, na Salme alimpenda Khole kupita kiasi. Njama inahitaji barua, na barua inahitaji mwandishi anayeaminika. Ndani ya nyumba alikuwepo binti wa miaka kumi na tano anayejua kuandika. Basi kalamu ile aliyoitafuta kwa hamu ya elimu ikawa inaandika barua za fitina baina ya ndugu zake mwenyewe.

Njama ikashindwa. Barghash alipelekwa Bombay. Salme alibaki kisiwani, lakini udugu ulikwishapasuka, na kuna ndugu waliomgeuzia uso. Miaka mingi baadaye, akiwa Ujerumani, aliyaandika maisha yake katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1886, na humo hakuificha majuto yake juu ya barua zile.

Mambo mengine ya maisha yake kila mtu ana maoni yake, na hukumu ni ya Mwenyezi Mungu. Mimi ninachokiangalia ni kalamu. Kalamu ile ile iliyomponza ndiyo iliyotuachia habari za maisha ya wanawake wa jumba lile, namna walivyokula, walivyovaa, walivyougua na walivyoozwa. Bila yeye tusingelijua hata nusu. Basi kosa halikuwa kujua kuandika. Kosa lilikuwa kwamba mkono ulikuwa mwepesi kuliko fikra, na alikuwa na mtu anayempenda anayemwambia "andika". Barua ikishatoka mlangoni haimrudii aliyeiandika.

Dada yangu, ni mara ngapi umeandika kwenye kundi la familia kwa sababu shoga yako kakutia maneno?

Stetasi ya bibi zetu

Baada ya kalamu inakuja kanga. Usishangae kuiona humu. Kanga nayo ni chombo cha kupelekea habari, na sisi wanawake ndio tulioifanya hivyo.

Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso za mraba zilizotiwa nakshi, wakaziunga pamoja kufanya nguo moja pana ya kujifunga. Wafanyabiashara wakaona kuna soko, wakaanza kuagiza nguo nzima iliyokwisha chapwa. Mmoja wa waliojulikana sana ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza biashara yake mwaka 1887, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" mpaka leo inajulikana. Baadaye yakaingia majina, yaani maneno yale ya chini ya kanga. Mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi.

Basi bibi zetu walikuwa na stetasi yao. Mtu akitaka kumwambia mumewe, mke mwenza, jirani au wifi neno asiloweza kulitamka, alilivaa. Lakini tazama safari ya neno lile. Kwanza alikwenda dukani akachagua. Akalipa pesa yake. Akarudi nyumbani akaikata mapande mawili, akakaa chini akapiga pindo kwa mkono, mshono mdogo mdogo. Akaifua. Kuanzia ghadhabu ilipompanda mpaka siku anaivaa, huenda wiki imepita, na ghadhabu nyingine hufa kwenye pindo. Kisha akishaivaa, lazima apite nayo mbele ya mtu aliyemkusudia, uso kwa uso, na kesho waombane chumvi.

Stetasi ya leo haina pindo. Linakuja kifuani, linatoka kidoleni, na anayelisoma wala humuoni uso wake.

Saa ilikuja, hesabu ikabaki yetu

Barghash aliyepelekwa Bombay alirudi, na mwaka 1870 akawa yeye ndiye Sultani mpaka alipofariki mwaka 1888. Bombay alikuwa ameona mji wa kisasa, na alipopata uwezo alileta mengi Unguja. Aliingiza maji ya mifereji mjini kutoka kwenye chemchem za nje ya mji. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulifika Unguja kupitia chini ya bahari kutoka Aden, habari iliyokuwa ikichukua wiki nyingi kwa jahazi ikawa inafika siku hiyo hiyo. Mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, jumba la maajabu, na moja ya maajabu yake ilikuwa taa za umeme.

Jumba lile lilipigwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha chini ya saa moja. Lenyewe lilisimama, ukaongezwa mnara wa saa kwa mbele, na mnara ule ukawa ndio sura ya mji kwa kila anayeingia kwa bahari. Wengi wetu tulilia tarehe 25 Disemba 2020 ulipoporomoka pamoja na upande wa jumba, na mafundi wawili waliokuwa wakilitengeneza wakafariki. Allah awarehemu.

Nizungumze juu ya saa yenyewe. Saa ilitoka Ulaya, na Ulaya huanza kuihesabu siku usiku wa manane, watu wakiwa wamelala. Sisi tulikuwa na hesabu yetu. Siku yetu huanza jua linapotua, ndiyo maana usiku wa Ijumaa kwetu ni ule unaoingia Alhamisi jioni. Na mchana wetu huhesabiwa tangu jua kuchomoza, likishapanda kidogo ni saa moja asubuhi. Siku yetu ilikuwa na nguzo tano za sala, na kazi zikafuata hapo katikati.

Saa ilipokuja hatukuikataa. Tuliinunua, tukaitundika ukutani na kuivaa mkononi. Lakini hatukuiachia itupangie siku inaanza lini. Mpaka leo simu yako inaandika 19:00 na wewe bila ya kufikiri unasema "saa moja usiku." Umekisoma chombo, ukakitafsiri kwa maisha yako. Sijaona mfano mzuri kuliko huu wa watu kukitumia kitu bila ya kitu kuwatumia wao.

Mashine zilizokuwa na mwisho

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, katika familia ya wafinyanzi, na ujana wake aliuza vyungu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake, sauti yake ikatiwa kwenye santuri, na ikarudi kuuzwa pwani nzima. Wapo wazee wa dini waliokuwa na neno juu ya muziki na wapo waliosikiliza, na kila nyumba ilikuwa na msimamo wake. Leo siyaingilii hayo. Nataka muitazame mashine. Gramafoni ile ilipigwa kwa mkono, na upande mmoja wa santuri ulikwisha baada ya dakika kama tatu. Ukitaka zaidi lazima mtu ainuke, aigeuze, apige tena. Kila baada ya dakika tatu mashine ilikuuliza: "Bado unataka?"

Kisha redio. Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951. Mwenye redio alikuwa mmoja katika mtaa, na watu walikaa barazani kusikiliza pamoja. Wazee wetu hawasahau Alhamisi ya kwanza ya mwezi, Um Kulthum anapoimba kutoka Cairo, na wenye redio wamezungukwa na watu wa kahawa. Baada ya hapo kila mtu alirudi kwake, akangoja mwezi mwengine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ilipata televisheni ya rangi, ya mwanzo katika sehemu hii ya Afrika. Wenzetu wa Bara walisubiri mpaka 1994 ndipo wakapata vituo vyao. Mama yangu anasimulia jinsi watoto wa mtaa walivyokuwa wakijaa kwenye nyumba yenye televisheni, wamekaa chini safu kwa safu, na mama mwenye nyumba ndiye polisi. Matangazo yalikuwa ya saa chache za jioni, yakimalizika yamemalizika. Mama mwenye nyumba anasema "Haya, kwenu," kila mtu anatafuta viatu vyake.

Nimeviweka vitatu hivi pamoja kwa sababu vina tabia moja. Vilikuwa na mahali pake: barazani, ukumbini. Vilikuwa na watu wake, huwezi kutazama usilotaka mama yako aone maana naye amekaa hapo. Na vilikuwa na mwisho. Bibi zetu hawakuwa na nguvu za nafsi kutuzidi sisi. Mashine zao zilikuwa zikijizima.

Simu ni mashine ya kwanza tuliyoiingiza majumbani isiyokuwa na mahali, isiyokuwa na mashahidi na isiyokuwa na mwisho. Ukifika chini inaongeza. Mwisho ni lazima uuweke wewe, na hilo hatujazoea kulifanya, kwa sababu zamani tuliwekewa.

Miezi mitatu ya giza

Hii sikuisoma, niliiishi. Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari na kutokea Fumba. Mwezi Mei 2008 ulikatika, kisiwa kizima kikakaa gizani karibu wiki nne. Tukadhani tumeshaonja. Tarehe 10 Disemba 2009 ukakatika tena, na safari hii haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu.

Nilikuwa msichana, najifunza ushoni. Sitaki mtu yeyote akwambie kwamba giza lile lilikuwa zuri. Pampu za maji zilisimama, tukabeba ndoo vichwani. Samaki walioza, barafu ikawa dawa, wenye biashara ndogo walifilisika, na jenereta zilinguruma mpaka unakosa kusikia adhana. Mtaalamu mmoja wa uchumi, Alfredo Burlando, alichunguza giza la 2008 na akaona kwamba miezi kadhaa baadaye watoto walizaliwa kwa wingi. Hapo tunacheka. Lakini aliona pia kwamba watoto waliokuwa matumboni wakati ule walizaliwa na uzito mdogo zaidi, kwa sababu kipato kilianguka na mama zao wakapata dhiki. Hapo hatucheki. Kukosa umeme ni umasikini, si ibada.

Ila nilijifunza mawili. La kwanza, vyerehani vya umeme pale chuoni vilifunikwa vitambaa, na vile vya kukanyaga kwa mguu vilivyokuwa vimetupwa stoo vikatolewa, vikatiwa mafuta, tukashonea harusi za watu. Yule aliyejua kushona kwa mkono na kwa mguu hakulala njaa. Aliyejua kubonyeza tu alikaa.

La pili ni chaji. Simu zetu ndogo za vitufe tulizipeleka kwa mwenye jenereta, unalipa, unasubiri foleni. Basi chaji ikawa kama unga wa mwisho kwenye pakacha. Ulijiuliza kabla ya kuiwasha simu: ninampigia nani, ninataka kumwambia nini? Ukishasema unaizima. Na mimi nakwambia, sikumbuki kwamba katika miezi ile nilikosa kumsikia mtu yeyote niliyekuwa na haja naye kweli.

Umeme uliporudi tulipiga vigelegele mtaa mzima. Na lile la kujiuliza kabla ya kuwasha likaondoka na giza.

Ya kwangu

Simu za mkononi tulianza kuzizoea baada ya Zantel kuanzishwa mwaka 1999, na mwaka 2008 huduma za kutumiana pesa kwa simu zikaanza Tanzania. Mimi ni shahidi wa kheri yake. Duka langu lilianza na cherehani kimoja ukumbini kwa mama. Leo mteja wa Pemba ananitumia vipimo na arubuni bila ya kupanda boti. Mjane ninayemjua anauza maandazi yake kwa oda za simu na hatoki nje ya mlango wake. Anayesema simu yote ni shari hajawahi kuwa mwanamke anayetafuta riziki.

Lakini miaka minne iliyopita alikuja kwangu biharusi kujaribu gauni. Kazi ilikuwa imetoka vizuri, mashaallah, na nafsi ikanipanda. Nikaipiga picha nguo kuanzia shingoni kwenda chini, uso sikuuchukua, nikaiweka kwenye stetasi nikiandika bei. Sikumuomba ruhusa. Nilijiambia ni nguo yangu, nimeishona mimi.

Nyuma yake kulikuwa na kioo.

Kwenye kioo alionekana uso wake, nywele zake na mgongo wake, jinsi alivyo chumbani. Alikuja mfanyakazi wangu kuniambia, mkono unamtetemeka. Nikaifuta. Ilikuwa imekaa kama dakika arubaini, na majina ya waliokwisha iona yalikuwa zaidi ya mia. Wamo ndani yake ndugu za bwana harusi.

Jioni mama yake akaja. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia, "Mwanangu, mimi nimemtunza binti yangu miaka ishirini na tatu, wewe umemfungulia mlango kwa kidole kimoja." Kisha akaomba nguo yake, akalipa senti ya mwisho iliyobaki, akaondoka.

Harusi ilifanyika, alhamdulillah. Mimi sikualikwa. Nilikwenda kwao mara mbili kuomba radhi. Mara ya pili biharusi mwenyewe akaniambia amenisamehe, na nikaona kwamba kweli amesamehe, na nikaona pia kwamba hatoniamini tena. Yote mawili yanaweza kukaa katika moyo mmoja.

Ndiyo maana Sayyida Salme ananiuma ninapomsoma. Mimi nilikuwa na zaidi ya miaka thelathini, yeye alikuwa na kumi na tano.

Nyakati tatu za hodi

Maneno ya mama yule juu ya mlango yalinipeleka kwenye Surat an-Nur. Humo Mwenyezi Mungu anatufundisha tusiingie nyumba za wengine mpaka tuombe idhini na tutoe salamu. Hodi yetu ya Kiswahili imesimama juu ya adabu hiyo. Unabisha, unangoja, ukikosa jibu unarudi, wala huchukii.

Na katika aya ya 58 ya sura hiyo imo adabu nyengine ambayo nilikuwa nikiisoma bila ya kuizingatia. Hata watoto wadogo na watumishi wa ndani, ambao huingia na kutoka siku nzima, wameamrishwa waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo kupumzika, na baada ya sala ya isha. Nyakati tatu za faragha.

Nikajiuliza: mtoto wangu wa kumzaa anapiga hodi nyakati hizo, simu inaingia bila ya hodi? Watu mia tatu wamo mkononi mwangu kabla sijatawadha!

Basi nimeifanya kanuni yangu. Mimi si sheikh na sitoi fatwa, nakuelezea ninavyoishi.

Simu yangu hailali chumbani. Inalala ukumbini, kwenye kabati la vyombo, na kuniamsha nimenunua saa ya kengele ya Darajani. Naigusa baada ya alfajiri nikishamaliza uradi wangu. Mchana, tunapokula na kupumzika, iko mbali. Baada ya isha ni ya dharura tu, na ndugu wanajua wapige, wasiandike.

Dukani inakaa ndani ya kopo la vifungo, limefunikwa. Nalifungua mara mbili, kabla ya adhuhuri na baada ya alasiri, najibu wateja wote kwa pamoja. Siku za mwanzo mkono wangu ulikuwa ukienda wenyewe kwenye kopo, kama mtu aliyeacha sukari. Na wateja wawili wamenikimbia kwa sababu sikuwajibu upesi, sitakuficha. Lakini sijakata tena kitambaa cha mtu kinyume tangu hapo, na zamani nilikuwa nikikata.

Picha za nguo napiga kwenye sanamu ya kushonea. Ya mtu sipigi ila aniambie mwenyewe, nimuoneshe, kisha ingoje mpaka kesho yake ndipo niiweke. Usiku ule mmoja ndio pindo langu.

Kwenu maharusi nina machache. Harusi zetu nyingi za wanawake siku hizi simu zinakusanywa mlangoni, na hiyo ni akili ya mama zetu ile ile, mahali na mashahidi. Usione haya kuiandika kwenye kadi. Wiki ya kuwekwa ndani mpe simu mama au somo wako, ajibu yeye. Na katika fungate, kabla hamjapanga nyengine zote, kaa na mumeo mkubaliane nyakati tatu zenu. Muulize yeye anataka nini, usimpe amri. Mwanamume akihisi amepangiwa ataificha simu kwenye mfuko wa kanzu, na hapo mtakuwa mmefungua duka jengine.

Nirudi kwa biharusi wangu wa hina. Nilipokuwa nakunja nguo kuiweka kwenye sanduku, yule bibi wa Pemba aliinuka taratibu kwa magoti yake mabovu, akamchukua simu yule mtoto mkononi, akaizungushia kwenye pindo la kanga yake na kuifunga fundo. "Nenda kacheze, mjukuu wangu," akamwambia mdogo. Kisha akamgeukia biharusi. "Na wewe tulia. Hina ikauke."

Biharusi alinuna kidogo. Baada ya muda nikamsikia akimuuliza, "Bibi, hivi wewe hina yako nani alikutia?"

Nikaondoka bibi akiwa ndiyo kwanza anaanza.

Wassalaam alaykum.